Nilimsukumia mto kwa fimbo: kansa ya ziwa ilipofika kwenye mgongo wa mukamwana wangu

Wakuu, nawasalimu nyote, wenye nyuzi na wenye kupita tu kama mimi.

Niko Bukavu, upande wa mlimani, Kadutu. Miaka yangu ni sabini na miwili. Humu ndani mimi ni msomaji. Nasoma nyuzi zenu za mashamba na za ndoa, nacheka peke yangu, nazima simu.

Leo naandika. Sitaongeza neno ambalo sikuliona wala kulisikia mwenyewe. Na pale nilipokosa nitasema nilikosa. Ni pengi.

Kisa ni cha mukamwana wangu, yaani mke wa mtoto wangu Pascal. Tunamwita Maman Neema, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Pascal anafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko Shabunda, anarudi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mke wangu alifariki zamani. Kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi, Maman Neema na watoto wao wawili.

Maman Neema ni fundi wa kushona. Cherehani yake iko sebuleni chini ya dirisha, na shule zikikaribia kufunguliwa, nusu ya watoto wa mtaa huu wanavaa kazi ya mikono yake.

Sasa nieleze kitu kimoja kwa wasio wa huku, maana bila hicho hamtanielewa.

Kwetu sisi Bashi, baba mkwe na mukamwana wana mpaka kati yao. Hatugusani. Siingii chumbani kwake, yeye haketi kwenye kiti changu. Jina langu halitaji. Na mambo ya mwili ndiyo kabisa hayasemwi. Akiwa na homa, anamwambia jirani, na jirani ndiye ananiambia mimi. Vijana wengi wa mjini wamelegeza. Mimi sikulegeza. Nililelewa hivyo, nikajivunia hivyo.

Sijaja hapa kuitukana desturi. Nimekuja kusema nilichokifanya nayo.

Miaka miwili na kitu iliyopita Maman Neema alipata uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Katika nyumba hii mimi ndiye niliyejua wa mwisho. Niliambiwa tu, "Maman Neema wamemupasua kifua." Kifua! Nikakubali hivyo hivyo, sikuuliza.

Ziwa liliondolewa. Akapewa dawa zile kali, nywele zikaanguka zote. Akajishonea vilemba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki, na cha Jumapili kilikuwa na mapindo ambayo wanawake wa kanisani walianza kuyaiga bila kujua yalianzia wapi.

Halafu akajishonea ziwa. Ndiyo, wakuu, ziwa la kitambaa, ndani kaweka mtama ili uzito ulingane na la pili. Haya nilipashwa na jirani yetu Maman Riziki, mwanamke asiyejua kunong'ona. Alinikuta uani akasema, "Papa, mukamwana wako alienda kupima ziwa ku mizani ya soko, kama nyama! Muuzaji akamuuliza: maman, hii ni bei gani?"

Nilikimbilia ndani. Yeye na Maman Neema, aliyekuwa akitusikia, walicheka mpaka watoto wakatoka kuangalia kuna nini.

Baadaye wanawake aliotibiwa nao pamoja wakamwomba na wao. Akawashonea, kila mmoja kwa kipimo chake. Sijui wangapi. Huyo ndiye mtu ninayeandika habari zake.

Sasa mgongo.

Ilikuwa karibu na kufunguliwa kwa shule, kazi imejaa mpaka juu ya kabati. Nikaanza kumwona anasimama katikati ya kushona, anaegemea ukuta, anafumba macho. Nikasema moyoni: ni mashine. Mtu anainama siku nzima, mgongo utaacha kuuma?

Nikamwambia mjukuu wangu, "Ambia mama yako apunguze kazi." Nikaona nimetimiza wajibu.

Lakini maumivu hayo hayakuwa ya kazi. Maumivu ya kazi ukilala yanapungua. Yake alipolala ndipo yalipozidi. Maman Riziki alinieleza, nami nikajibu kama mtu mwenye akili sana, "Ni godoro."

Halafu siku moja nilimwona anatoka jikoni kuja sebuleni, na sandale moja ikabaki nyuma. Ilimtoka mguuni akaendelea kutembea. Hakujua. Aliketi kwenye mashine na mguu mmoja mtupu, akaendelea kushona.

Niliiona sandale ile, wakuu. Niliiona vizuri. Nikanyamaza, kwa sababu baba mkwe hana ruhusa ya kuangalia miguu ya mukamwana.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Nilimleta mtu wa kunyoosha mifupa.

Ni mzee mwenzangu, mtu mwema, ameshanyoosha vifundo na mabega ya watu wengi, hata la kwangu. Aliniuliza, "Amepatwa na nini?" Nikasema, "Mashine." Akauliza, "Hana ugonjwa mwingine?"

Hapo, wakuu. Hapo ndipo ningepaswa kusema kwamba ana kansa, ilianzia kwenye ziwa. Maneno matano tu. Lakini kulitaja ziwa la mukamwana wangu mbele ya mwanamume mwingine kulinishinda.

Nikasema, "Hana."

Maman Neema alikuwa ndani, hakusikia swali lile. Alikuja akalala kwenye mkeka, Maman Riziki akakaa karibu naye, mimi nikatoka nje kwa heshima. Mzee akabonyeza katikati ya mabega, pale panapouma. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alirudi Jumamosi akabonyeza tena, na safari hii nilimsikia Maman Neema akitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyegusa waya wa umeme.

Simlaumu mzee yule. Alitibu ugonjwa nilioutaja mimi.

Jumapili watoto walienda misa ya kwanza na Maman Riziki. Maman Neema alibaki kwa sababu ya mgongo, mimi kwa sababu ya goti. Nikiwa uani nikasikia kishindo.

Nilimkuta sebuleni, amelala chali kwenye sementi, kati ya meza na mashine. Macho yako wazi. Hakulia.

"Papa," alisema, "miguu siisikie."

"Unaumia?"

"Hapana. Ndiyo maana niko naogopa."

Ningefanya nini? Mnajua jibu, na mimi leo nalijua. Siku ile nilisimama mlangoni. Nilijiambia nisubiri wanawake. Nilimpigia Maman Riziki. Simu iko misani, imezimwa sauti. Wanawake wengine wa karibu nao walikuwa misani. Nikapiga tena. Nikakaa kwenye kizingiti, nikampa mgongo, ili asione aibu ya kulala mbele yangu.

Baada ya muda aliniambia sementi ni baridi chini ya kichwa. Nikachukua mto kwenye kiti. Nikauweka chini, nikausukuma kwa fimbo yangu, kidogo kidogo, mpaka ukafika karibu na mkono wake. Akauvuta mwenyewe.

Kwa fimbo, wakuu. Kama mtu anayemlisha mbwa asiyemfahamu.

Akaniambia, "Asante, Papa."

Alikaa pale sementini zaidi ya masaa mawili, mpaka misa ikaisha.

Maman Riziki aliporudi na wanawake wengine wawili, walitaka kumshika kwapani wamkalishe. Maman Neema ndiye aliyewazuia. "Muache kwanza! Kwenye carnet yangu ya hospitali kuna namba ya infirmière. Mumupigie."

Yule muuguzi alisikiliza, akaanza kutoa amri kwenye simu. Asikalishwe. Asiinuliwe kwa mikono. Tutafute ubao ulionyooka. Ageuzwe kama gogo, kichwa, mabega, kiuno na miguu kwa pamoja, mgongo usijikunje hata kidogo. Wanahitajika watu wanne, mmoja wa kichwa tu.

Wanawake walikuwa watatu.

Wakaniangalia. Nikasema naenda kumwita mtu. Na kweli niligeuka niende.

"Papa," Maman Neema aliita kutoka chini. "Hata padri anagusaka watu akiwapaka mafuta. Ingia."

Maman Riziki akaongeza, "Ingia Papa, ao tukupake wewe ya mwisho!"

Niliingia. Nikapiga magoti na goti langu bovu, nikakishika kichwa chake kwa viganja viwili, kama muuguzi alivyosema. Miaka kumi na mmoja tuliishi nyumba moja, sikuwahi kumgusa hata kidole. Kichwa kilikuwa chepesi. Nywele zilikuwa zimeota upya, laini kama za mtoto.

Tulitoa mlango wa jikoni kwenye bawaba, tukamgeuza na kumlaza juu yake.

Kisha ikaja hoja ya kumfunga. Nyumba yetu iko chini ya barabara, mnapanda ngazi kumi na tisa za udongo, na mlango ukiinama mgonjwa anateleza. Maman Riziki alichukua kitenge akaanza kukichana. Maman Neema, aliyelazwa pale bila nguvu za miguu, akasema, "Hapana hivyo! Ukikata mshazari itavutika. Fuata uzi. Kata kufuata uzi."

Akaelekeza upana wa kila mkanda. Mmoja kifuani, mmoja kiunoni, mmoja magotini, na mwembamba wa kipaji cha uso. Akasema mafundo yawe pembeni yasimbonyeze. Vijana wanne wa mtaa wakampandisha, hakusogea hata upana wa kidole. Juu kulikuwa na pick-up ya kubeba mchanga. Tukashuka polepole hadi hospitali, kule Ibanda.

Infirmière yule yule alitupokea. Akaikagua mikanda, akaniuliza nani alizuia asiinuliwe alipoanguka. Mtu mmoja akajibu, "Ni huyu muzee, alikaa naye."

Akanishika mkono. "Papa, umefanya vizuri sana. Wengi wanawavuta hivi hivi, wanamalizia kukata uti wa mgongo."

Nikapokea sifa ile. Kwa dakika kumi hivi nilitembea nayo.

Halafu Docteur akaja, mwanamke wa makamo asiyepoteza neno. Akampima miguu kwa sindano na kinyundo. Tumbo lilikuwa limejaa mkojo usiotoka, wakamwekea sonde, ule mpira wa kutolea mkojo. Akauliza, "Maman, kuna mtu aliyegusa huu mgongo?"

Maman Neema akaniangalia mara moja, akaangalia juu.

"Hapana, Docteur. Nilianguka tu leo."

"Na miguu ilianza kulegea lini?"

"Leo."

Wakuu, nilielewa. Alikuwa ananisitiri. Mukamwana mwenye adabu hamshitaki baba mkwe mbele ya watu wageni. Amelala pale, hajui kama atatembea tena, na bado anailinda heshima yangu. Docteur tayari alikuwa anaandika picha ya kiuno, pale alipoangukia.

Nikasema, "Docteur, si kweli."

Nikaeleza yote. Mtu wa mifupa, Jumatano na Jumamosi, katikati ya mabega. Sandale, siku nane kabla. Maumivu ya kulala. Na nikasema kwamba yule mzee aliuliza kama kuna ugonjwa mwingine nami nikaficha kansa ya ziwa. Nililitaja neno lenyewe, kwa sauti, mbele ya Maman Neema, infirmière na wagonjwa wa vitanda vya karibu. Na kuhusu kutomwinua nikasema haikuwa hekima, ilikuwa aibu.

Docteur akaniangalia. "Muzee, haya ungemwambia yule wa mifupa, asingemugusa."



Lakini alichana karatasi, akaandika nyingine: scanner ya mgongo mzima. Na ugonjwa haukuwa kiunoni. Ulikuwa juu, pale kati ya mabega. Kansa ilihamia kwenye mfupa, pingili moja imelika na kubonyea, uvimbe unakandamiza mishipa inayoshuka miguuni. Alitueleza kwamba ziwa linaweza kuwa limeondolewa, na mbegu ya ugonjwa ikabaki mwilini, ikalala, ikaamkia kwenye mfupa. Kwa hiyo mwanamke aliyewahi kutibiwa kansa ya ziwa, akianza kuumwa mgongo usiotulia, huo si wa kukanda. Na miguu ikianza kulegea, kinachohesabiwa ni masaa.

Wakaanza kotizoni, dawa ya kupunguza uvimbe, pale pale. Mionzi anayoihitaji hatuna hapa Bukavu, kwa hiyo akapelekwa Kigali. Kesho yake asubuhi ambulance ikavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda. Pascal alikuwa bado njiani kutoka Shabunda. Aliyesaini, aliyekaa naye nyuma na kukishika kichwa kwenye kona zote za msitu wa Nyungwe, ni mimi. Kona ni nyingi. Nilitapika mara mbili. Yeye mgonjwa akaniambia, "Papa, kama unachoka, tubadilishane, mimi nikushike."

Siku ya nne ya mionzi kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Infirmière wa huko alifikiri ni shuka. Maman Neema akasema, "Angalia tena," akakichezesha tena, kama anamkonyeza.

Pascal alipofika aliambiwa yote na mimi mwenyewe, kabla ya kumwona mke wake. Alitoka nje akakaa muda. Aliporudi alinipa chupa ya maji. Tumelizungumza baadaye, na yanayohusu hayo yabaki kwetu.

Tulirudi nyumbani na kitabu cha mambo ya kujifunza. Kumgeuza kila masaa mawili ili asipate vidonda vya kulala; kimoja kilimpata kisiginoni hata hivyo, kikachukua wiki nyingi kupona. Kuosha sonde. Kumvalisha corset ngumu ya kushikilia mgongo kabla ya kuketi. Maman Riziki alifanya mengi, Pascal akafanya mengi kabla hajarudi kazini, na mimi nikafanya zamu yangu ya kumgeuza. Mwanzoni nilifumba macho. Maman Neema akasema, "Papa, ukifumba macho utaniangusha, tutarudi kule kule."

Miezi michache baadaye akaanza kunywa maji kupita kiasi. Jagi linaisha, anaomba lingine. Akawa na usingizi wa mchana, na siku moja akamwita binti yake Neema kwa jina la dada yake yeye mwenyewe, aliyekufa.

Nilisimama mlangoni, tena mlangoni, nikajiona. Nikaingia nikauliza, "Maman Neema, mara ya mwisho kwenda choo ilikuwa lini?"

Akafumbua macho. Pamoja na ugonjwa wote akatabasamu. "Leo Papa amekuwa docteur." Kisha akasema, "Siku tano."

Nikampigia infirmière papo hapo. Akasema tumlete. Mfupa unaoliwa unamwaga chokaa kwenye damu, na chokaa ikizidi inaleta kiu, choo kugoma, akili kuchanganyikiwa, na inaweza kuua. Walimwekea serum, maji ya mshipani, na dawa ya mifupa, baada ya siku chache akawa mwenyewe, akaanza kukosoa mashuka ya hospitali kwamba mapindo yameshonwa ovyo.

Hali yake ya sasa: kansa haijaisha. Docteur alisema wazi kwamba haitaisha, inazuiliwa tu, kwa kidonge cha kila siku na sindano ya mifupa. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Sonde imetoka. Anashona nusu siku, kwa mashine ambayo Pascal ameifungia mota kwa sababu kanyagio limemshinda.

Na wiki iliyopita alipanda ngazi zote kumi na tisa kwa magongo mawili na corset yake, mpaka barabarani. Nilinyoosha mkono nimshike. Akasema, "Leo hapana, Papa. Kaa nyuma. Nikianguka ndiyo unidake." Alipumzika mara tatu. Alipofika juu aliwasalimu wapita njia kama mtu aliyetoka safari.

Mimi nimesoma mpaka sekondari, nimefanya kazi ya magasini, yaani ghalani, miaka thelathini, sikuwahi kuhesabu vibaya gunia moja. Lakini sijawahi kuona ushujaa kama wa mwanamke huyu, na nilikaa nao nyumba moja miaka kumi na mmoja bila kuutazama.

Nilichojifunza ni hiki. Wazee wenzangu, mwenye mukamwana, binti au dada aliyewahi kutibiwa kansa ya ziwa, amuulize mwenyewe, kwa mdomo wake: mgongo ukoje? Ukilala unazidi? Miguu unaisikia? Mkojo unatoka? Jibu likiwa baya, hospitali siku hiyo hiyo. Na ukimpeleka kwa mtu yeyote wa kumgusa, utaje ugonjwa kwa jina lake. Desturi yangu bado ninayo, kwenye kiti changu bado haketi. Lakini swali la mwili sasa nauliza.

Kama kuna aliyepitia haya, ya mgongo hasa, atueleze alivyoishi nayo miaka iliyofuata. Hilo ndilo tunalolitafuta zaidi. Na wenye desturi kama yetu, mnafanyaje ninyi?

Wa kunilaumu, uwanja ni wenu, nitasoma yote. Ila niwaonye: Maman Neema yuko hapa pembeni, nimemsomea uzi mzima, na anasema mkimtukana baba mkwe wake kupita kiasi, atashika simu awajibu yeye mwenyewe.